Gauni Lililogeuzwa

Jirani yangu, fundi cherehani, huzungumza akiwa na pini midomoni, na kila mshono unapokamilika huulainisha kwa kidole gumba. Jioni moja bintiye alirudi kutoka shuleni na maandishi ya wino mgongoni mwa gauni lake zito la sare: “Pipa hilo, mpisheni!” Fundi hakupaza sauti. Alilifumua, akakigeuza kitambaa, akalishona upya. Maandishi yakabaki upande wa ndani.

“Haya, mwanangu, hakuna atakayeyaona.”

Binti akalivaa.

“Lakini mama, sasa yananigusa mwilini. Si uje shuleni kesho, uwaambie waniache?”

Fundi alizitoa pini midomoni, moja baada ya nyingine.

“Kesho nina sare za watu, mama.”

“Sawa,” alijibu binti, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.