Daraja la Kangemi

Mume wangu haogopi mtu, lakini daraja la watu kuvukia barabara pale Kangemi lilimshinda. Kwa miaka alivuka barabara ya Waiyaki Way chini, katikati ya magari, na mimi nilidhani ni haraka ya kazi. Nilijua ukweli Jumapili moja tukienda kanisani. Nilipanda ngazi, nikageuka, nikamwona bado yuko chini ameshika nguzo. Kulikuwa na baridi, lakini jasho lilikuwa likimtiririka.

"Wewe pita juu," akasema. "Nitakupata ng'ambo."

Nikamtazama kutoka juu akiingia barabarani. Gari jeupe lilichomoka nyuma ya basi. Breki zikalia. Aliruka, akaangukia magoti kwenye ukingo wa katikati. Nilivuka daraja mbio. Alipofika ng'ambo alinikuta nimeketi kwenye ngazi za upande ule.

Nyumbani ndipo akanieleza. Akiwa juu anahisi sakafu inainama, na kuna kitu kinamvuta kwenye reli ya pembeni, kana kwamba atajirusha.

"Najua siwezi kuanguka," akasema. "Lakini mwili haujui."

Tukaanza kidogo kidogo. Tulipanda ngazi chache na kurudi, wiki baada ya wiki, watu wakitupita na kucheka. Siku tuliyofika katikati, lori lilipita chini na daraja likatetemeka. Akaketi papo hapo, akafumba macho na kunishika kifundo cha mguu hadi nikaumia. Niliogopa kumvuta, nikaogopa pia kumwacha.

Mama aliyebeba gunia la mboga za sukuma akasimama. "Ni mgonjwa?"

"Hapana. Anaogopa mahali pa juu."

Hakucheka. Alitua gunia lake, akasimama kando ya reli na kuitandaza leso aliyojifunga kiunoni ili mume wangu asione barabara. "Twende pole pole, baba," akamwambia. "Mimi niko upande huu." Mume wangu akavuka akitambaa, kati yetu wawili. Ng'ambo alitapika, kisha akamshukuru yule mama kwa sauti ndogo.

Siku hizi anavuka kwa miguu yake, mkono wake ukiwa begani mwangu. Lakini jioni hurudi kutoka kazini peke yake, na ameniambia wazi kwamba kuna siku hupita chini. Nikisonga ugali nasikia honi kutoka barabarani. Mwiko unasimama mkononi hadi nisikie akibisha mlango.