Hodi ya Mama

Kijiji cha maonyesho ya watalii, tulikofanya kazi mimi na mama, kilikuwa Kisauni, nyuma ya ukuta wa mawe: nyumba za makuti ambamo hakulala mtu. Mama alivaa hando, lile rinda jeupe la wanawake wa Kigiriama, akaketi jikoni penye mafiga. Mimi nilicheza ngoma uani. Jioni tulivua mavazi ya kazi, tukarudi Ziwa la Ng'ombe kwenye chumba chetu cha kupanga. Baba alikuwa ameshakufa, na kazi ile ndiyo iliyotuweka mjini.

Kwetu hata jirani anayekuja kuomba chumvi hupiga hodi, akangoja aitikiwe. Watalii waliingia tu. Mwanzoni mama aliwapigia kelele, "Karibuni!" apate kuwasuta kwa hodi wasiyoipiga. Wao walicheka, wakampiga picha.

Siku moja mzungu mmoja alimkuta akifunga hando, hajamaliza. Mama akamtoa kwa mwiko. Yule mgeni alifika langoni amenuna, na langoni ndipo aliposimama msimamizi wetu, akimuuliza kila mtu kama amefurahi.

Msimamizi alikuja moja kwa moja hadi jikoni.

"Mama, wageni wakiondoka na kinyongo, hoteli hazitatuletea mabasi. Mtu akiingia, wewe simama, tabasamu, funua chungu aone. Usiseme neno. Huwezi, niambie nitafute mwengine."

"Haya, baba," mama akasema.

Nilikuwa mlangoni, nasikia yote. Ningependa kusema nilikasirika. Sikuona ubaya wowote. Ngoma zilianza, nikaenda kucheza.

Tangu hapo wageni waliridhika. Msimamizi alimsifu mama mbele yetu sote, na mabasi yakaja, msimu baada ya msimu. Mama alisimama, akatabasamu, akafunua.

Jumapili moja, siku yetu ya mapumziko, nilitoka sokoni na nazi mkononi. Nikasimama mlangoni petu.

"Hodi, mama!"

Nikapiga tena, na ya tatu. Nikadhani ametoka, nikasukuma mlango.

Mama alikuwa penye jiko la makaa. Aliponiona aliinuka, akanyoosha leso yake, akatabasamu. Akafunua sufuria, akaiinamisha kidogo nipate kuona ndani.

"Mama, ni mimi."

Alibaki vivyo hivyo, kifuniko mkononi, ananingoja.

Nikachungulia. Ulikuwa mchicha.

"Mzuri sana," nikasema.

Ndipo akafunika, akaketi.