Nilichoandika Bila Kukisikia

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Cabramatta, kitongoji cha Sydney, alikuwa mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kuze, na ujana wake wote aliumaliza melini akiwa mwendesha redio. Alipofika Sydney alishuka nchi kavu, akaoa, akapata kazi bandarini Port Botany, lakini redio hakuiacha. Mimi nilimkuta mkewe ameshafariki, mikono inamtetemeka, anaishi peke yake kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, waya wa antena umetoka dirishani na kufungwa kwenye nguzo ya uani.

Ofisi yetu ya kuhudumia wazee majumbani ilinipeleka kwake kwa sababu ya lugha, na pia kwa sababu hakutaka kuogeshwa na mwanamke. Mimi ni mtu wa Nakuru. Kiswahili changu ni cha shule na cha sokoni, na siku ya kwanza alinisahihisha mara nne kabla sijamaliza kumvua soksi. Binti yake, ambaye anaelewa kila neno lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniomba nisikasirike. Alisema baba yake alikuwa na hamu ya kupata mtu wa kumsahihisha.

Nilikuwa nikienda siku tatu kwa wiki. Namwogesha, nampa dawa, nampikia, na mwisho naandika kwenye daftari la huduma. Mafunzoni tuliambiwa jambo moja mpaka likatuchosha: andika ulichokiona, si unachodhani. Kama hukumwona mtu akimeza kidonge, usiandike kwamba amemeza. Nilipomweleza mzee sheria hiyo, alifurahi kana kwamba nimemtajia jamaa yake. Akanituma kabatini nikachukue madaftari yake ya redio, yalikuwa kumi na saba, akaniwekea moja mapajani.

Kila mtu aliyewahi kuzungumza naye hewani alikuwamo humo, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: tarehe, saa kwa saa za Greenwich, masafa, na jina la redio la yule mtu, yaani zile herufi na tarakimu anazopewa kila mwenye leseni. Kisha namba mbili, jinsi yeye alivyomsikia yule na jinsi yule alivyomsikia yeye. Mawasiliano hayahesabiki, alinieleza, mpaka kila mmoja awe amelipata jina la mwenzake kamili. Likikosekana moja, hamkuzungumza. Mlipiga kelele tu angani. Alinionyesha mstari mmoja alioukata kwa wino mwekundu, mtu wa kisiwa cha mbali ambaye wengine wangelipa nauli kumpata. Yule mtu alirudisha nusu ya herufi zake, halafu sauti ikazama. Aliukata siku ile ile.

“Andika ulichosikia,” aliniambia. “Usichosikia, wacha wazi. Daftari si mahali pa kutaka vitu.”

Kwa kuwa mikono yake ilikuwa haiwezi tena kalamu, nikawa mwandishi wake. Haikuwa kazi niliyolipwa, lakini nilikuwa nikimaliza mapema na yeye alikuwa peke yake. Nilijifunza kusikiliza. Mwanzoni nilisikia mchanga tu ukimwagwa kwenye bati, baada ya miezi miwili nikaanza kusikia watu ndani ya mchanga. Yeye masikio yake yalikuwa yakimwacha taratibu. Alivaa vifaa vya kusaidia kusikia, na zaidi ya hivyo akaweka spika kubwa, na bado mara nyingi aliniuliza kwa macho: amesema nini?

Katika madaftari yote kumi na saba, Mombasa haikuwamo. Nairobi ilikuwamo mara mbili, Dar es Salaam mara moja. Mjini kwao alikuwa hajawahi kumpata mtu. Kwa hiyo wenzake wa hewani walipomwambia kwamba kikundi cha wageni kingeweka kituo karibu na Mombasa kwa juma moja, hakulala vizuri siku kadhaa, na mimi niliandika hivyo kwenye daftari la huduma: mteja hakulala vizuri. Sababu sikuandika.

Walipofungua kituo, kila mtu duniani aliwataka. Siku nne za mwanzo tuliwasikia kwa mbali bila kupata nafasi. Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Nilitoka Smithfield kwa mteja mwingine, nikafika kwa mzee saa tisa, nikafanya kazi zangu, na saa kumi na moja, wakati wangu ulipokwisha, sikuondoka, maana sauti yao ilikuwa imeanza kupanda. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Aliita kwa karibu saa nzima, akitaja jina lake la redio taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

Halafu wakajibu. Yule mtu wa kule alikuwa amechoka, alitaja herufi kavu kavu. Jina la mzee linaishia na D. Mimi nilisikia B. Niliisikia wazi, na mara moja akajibu bwana mmoja wa Brisbane ambaye sauti yake niliijua, maana alikuwa hewani kila wiki, na jina lake ni kama la mzee, ila linaishia na B. Lakini mzee alikuwa tayari anazungumza wakati huo huo, sauti juu ya sauti. Hakumsikia. Alisema namba zake, akashukuru kwa Kiingereza, halafu akaingia Kiswahili, akawaambia kwamba yeye ni mtoto wa Kuze, kwamba nyumba yao ilikuwa na mlango wa kijani, kwamba wamsalimie. Kule walimaliza na bwana wa Brisbane, wakachukua mwingine.

Mzee aliweka maikrofoni mezani. Alikuwa analia na kucheka. Mkono wake ulikuja begani kwangu.

“Umeandika?”

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilitazama saa, nikaandika saa. Nikaandika masafa, jina lao, namba zote mbili. Ilichukua muda mfupi kuliko kumfunga mtu kifungo cha shati. Nilijiambia nitamweleza Jumatatu, akitulia.

Jumatatu alikuwa amewaambia watu wote. Aliwaambia msikitini, alimpigia simu mdogo wake aliyebaki Malindi, na binti yake alikuwa ameshatuma barua pepe kwa kikundi kile kuomba kadi ya uthibitisho. Nikaona siwezi. Jumatano pia sikuweza. Nilimpa uji, nikamkata kucha, na kila alipoanza hadithi ile nilisema ndiyo, mzee.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Binti yake alimsomea mbele yangu. Waliandika kwa adabu sana: wametafuta kwenye orodha yao na jina lake hawakuliona. Dakika ile ile walizungumza na kituo kinachofanana na chake, tofauti ni herufi moja. Walimtakia heri.

Hakukasirika. Alitabasamu kwa huruma, kama mwalimu aliyeona kosa kwenye daftari la mwanafunzi mzuri. Alisema vijana wale wamesikia vibaya, hutokea, na dawa yake ni shahidi. Akamwandikisha binti yake barua, ikachapwa, na nilipokuja zamu iliyofuata karatasi ilikuwa mezani ikinisubiri.

“Tia sahihi hapa, mwanangu. Wewe ulikuwapo.”

Nilikaa chini. Nilimwambia kwamba nilisikia B. Nilimwambia kuhusu bwana wa Brisbane, na kwamba wao walikuwa wakimjibu yule, si yeye. Nilisema kwa sauti kubwa ili asikie, na ukubwa wa sauti ukayafanya maneno yawe kama ya ugomvi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Basi mbona uliandika?”

Nilikuwa na majibu mengi wiki tatu nzima. Nilisema nilimwona amefurahi.

Aliomba nimpe daftari la huduma, lile la ofisi, ambalo hakuwahi kulitazama. Alilifungua kwa shida, akalisogeza karibu na macho, ukurasa baada ya ukurasa, dawa za asubuhi, dawa za mchana, sahihi yangu kila mahali.

“Na humu?” aliuliza. “Humu umenifurahisha wapi?”

Niliapa kwamba humo hakuna neno la uongo, na ni kweli, hakuna. Lakini nilijisikia nikiapa, na nikajua ningekuwa yeye nisingeniamini. Siku hiyo alikataa vidonge kutoka mkononi mwangu. Niliandika: mteja amekataa dawa. Zamu iliyofuata alikataa tena, na binti yake ikabidi aje kutoka kazini kumpa. Kwa Kiingereza chake cha upole aliniambia hanilaumu, ila baba yake ameomba mtu mwingine. Msimamizi wa ofisi aliniuliza kulikuwa na tatizo gani. Nilieleza, na hakuelewa kwa nini mtu aache kumeza dawa kwa sababu ya redio. Aliandika kwamba hatukupatana.

Waliyempeleka badala yangu hakujua Kiswahili wala kusikia watu ndani ya mchanga. Binti yake alinipa habari kwa simu mara mbili tatu: redio haiwashwi, baba anasahau, baba ameanguka bafuni. Nilisikiliza na kusema pole, sikuwa na jambo lingine la kufanya. Mwanzo wa majira ya baridi alihamishiwa nyumba ya wazee, ambako antena hairuhusiwi.

Nilikwenda kumtazama nikiwa na papai na woga. Nilimkuta ukumbini amefunikwa blanketi, muuguzi ameketi kando yake. Nilisema shikamoo. Alinitazama kidogo, halafu uso wake ukafunguka, akanishika mkono.

“Huyu ndiye,” alimwambia muuguzi kwa Kiingereza. “Siku nilipozungumza na Mombasa, huyu alikuwapo. Aliandika kwa mkono wake.”

Ugomvi wetu ulikuwa umemtoka kabisa. Ilibaki ile jioni peke yake. Muuguzi alinigeukia akitabasamu, akaniuliza kama ni kweli. Nilisema nilikuwapo.

Mzee akanivuta karibu, akarudi kwenye Kiswahili. Alitaka nimkumbushe walisema nini kule, maana yeye amesahau. Je, walisema mvua imeshuka? Waliujua ule mlango?

“Sikusikia vizuri, mzee,” nilisema.

Aliitika kwa kichwa, akasema hewa ya jioni mara nyingine haifai. Akaniuliza nimekuja na gari gani, nikamwambia nimekuja kwa treni. Chai ikaletwa. Nilimshikia kikombe akanywa kidogo kidogo mpaka ikapoa, na muda wa kutembelea wagonjwa ukaisha.