Vifuko vya Vifungo

Fundi cherehani alikuwa na mkono mwepesi. Suruali iliyopasuka asubuhi ilivaliwa mchana. Kilichomshinda ni kumfundisha bintiye kuhesabu. Kidoti, kama walivyomwita nyumbani, alikuwa darasa la pili, na tarakimu kwake zilikuwa michoro tu. Ukimpa ukurasa wa hesabu aliulalia akalia.

Aliyewaokoa ni wifi, dada wa mumewe, mwalimu wa darasa hilohilo. Wazo lilikuwa lake: Kidoti asiandike. Wenzake wakifanya hesabu za daftari, yeye atunge vifungo kwenye uzi, vitano vitano, avipeleke shuleni kesho yake.

"Vifungo si unavyo tele," wifi alisema. "Ubahili weka pembeni."

"Bahili ni kaka yako. Mimi nimeambukizwa tu."

Walicheka mpaka wakafutana machozi. Siku ile Fundi alimpenda wifi yake kuliko siku ya harusi.

Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni. Kidoti alikaa chini ya meza ya cherehani, ulimi nje, akitunga. Mara vinne, mara saba. Mama alijizuia asimsaidie, maana wifi alishaonya: akikosea mwache, nataka kuona anakwama wapi. Kisha mama alivitia kwenye kifuko cha vipande vya nguo na kukifunga mdomo kwa bandi, ule mshono wa muda unaofumuka ukivutwa kidogo tu, visimwagike njiani. Vifuko vilibaki kwa shangazi. Kidoti alirudi na nyota ya karatasi kwenye paji la uso, na hakukubali ibanduliwe hata akioga.

Muhula ulipokaribia kuisha, mwalimu mkuu alimwita Fundi ofisini. Mtoto haendelei, alisema, mwakani hatakuwa na nafasi hapa. Wifi alikuwa ameketi pembeni, akikwangua rangi ya kucha.

"Hata vitano havijui," wifi alisema, macho chini.

Fundi alidhani amesikia vibaya. Akaomba vifuko vyote viletwe.

Wifi alijivutavuta, akaenda darasani, akarudi na boksi. Vilikuwa humo vyote, vimerundikana, na kila kimoja mdomo wake umefungwa kwa bandi ya uzi mwekundu, kama alivyouacha Fundi mwenyewe. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Fundi alivuta uzi wa kile cha juu. Vifungo vitano. Uzi wa pili, vitano. Wa tatu, vitano.

"Nina watoto wengi, wifi," mwalimu alisema taratibu. "Na nyota si zilimfurahisha?"

Mwalimu mkuu alikohoa. Majina ya wanaoondolewa yameshapelekwa, alisema, lakini atauliza. Aliyasema hayo huku akitafuta funguo zake. Fundi alibeba boksi la vifuko akatoka. Angetukanwa na mtu baki asingeumia vile. Huyu alikula naye, alicheka naye, na mtoto alimwita shangazi.

Jioni Kidoti alitoka chini ya meza akiwa na nyuzi zake mkononi, uso umemchangamka.

"Mama, leo nimetunga sita sita, shangazi hajaniambia. Shona vizuri, zisimwagike kabla hajaziona."

Fundi alitunga uzi mwekundu kwenye sindano. Ilimchukua muda mrefu kuliona tundu.