Mama Mizani na Kiwanja cha Magari

Kwa miaka kumi na tisa alipima watoto kwenye kliniki ya mtaa, na watu wakamzoea kwa jina la Mama Mizani. Alikuwa mwepesi wa kukaripia. Mtoto akipungua uzito, mama yake alisomewa somo la mboga, maharage na mayai mbele ya foleni nzima, mpaka wengine wakaanza kuikwepa siku ya kliniki.

Kisha soko la mtaa likavunjwa ili barabara ipanuliwe, likahamishiwa upande wa pili wa mji. Miezi minane baadaye binti yake mwenyewe alileta mtoto. Bibi akamtundika mjukuu kwenye mizani, akasoma, akamshusha, akampima tena. Alama ikaangukia kwenye rangi nyekundu ya kadi. Kwenye foleni wapo walioingoja siku hiyo kwa hamu.

"Mama, usinihubirie," binti alisema taratibu. "Nikitoka kiwandani, sokoni wameshafunga. Duka la karibu lina biskuti na soda tu."

Jumamosi Mama Mizani alikwenda sokoni kwa miguu, mjukuu mgongoni. Kwenda na kurudi kulimchukua muda wa saa tatu, na mchicha ulifika umenyauka. Wiki iliyofuata akaanza kubisha hodi kwa wale aliowaaibisha, awaombe radhi na kuwaalika waende naye kudai soko. Mmoja alimwambia atamsamehe akimaliza kuosha vile vyombo pale. Akakunja mikono ya sare yake, akaosha.

Walikwenda halmashauri wanawake thelathini na moja, kuomba kiwanja cha kuegesha magari cha pale mtaani kiwe soko jioni. Afisa mmoja akaeleza kwa upole kwamba tatizo ni kina mama kukosa elimu ya lishe.

"Elimu wanayo," Mama Mizani akasema. "Niliwapa mimi, tena kwa kelele. Wanachokosa ni mboga."

Kikao kikacheka, mwenyekiti naye. Hata hivyo waliambiwa njoo kesho mara nne kabla ya kupewa jioni tatu kwa wiki. Siku ya kwanza walikuja wauza mboga wanne; baada ya miezi miwili walikuwa kumi na saba, na muuza mayai mmoja mwenye maringo.

Mjukuu alirudi kwenye kijani polepole. Baadhi ya watoto hawakurudi, kwani kwao hata fungu la mchicha halinunuliki kila siku. Kwa ajili ya hao, Mama Mizani sasa anawafuata walimu wakuu kuhusu uji wa asubuhi kwa watoto wa chekechea shuleni, nao wakimwona getini hukumbuka ghafla kwamba wana kikao.