Mama Mkwe Mgongoni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mtaa wetu wa Iringo naujua kuanzia kochi langu hadi duka la jirani. Kwingine nakuonaga kwenye simu. Shemeji, kaka wa mke wangu, aliponunua gari kuukuu la foo-wili, alinicheka: "Shem, wewe ukifika Bunda utaomba pasipoti." Nikapanda ili anyamaze.

Tulikuwa tunamrudisha mama yake Bunda. Shemeji akaiacha lami, akakata njia za ndani nyuma ya Butiama, ati tukaone vilima. Ni vizuri, sibishi: mawe makubwa yamebebana kama mtu kayapanga, na chini yake mihogo ya watu. Lakini nilitazama mbele tu, shingo wima, kwa sababu mama mkwe alikaa nyuma. Kwao mkwe hamgusi mama mkwe. Tangu nioe namwamkia kwa mbali, macho kwenye viatu vyangu.

Tukafika kwenye kijito. Shemeji akakiingia kwa mbwembwe, gari likapanda ukingo wa pili, likateleza, likarudi nyuma. Pua juu, mkia majini. Huko vilimani kumbe mvua ilikuwa imeshanyesha, na maji yalianza kupanda tukiyaona.

"Handibreki haishiki!" shemeji akapiga kelele. "Nikitoa mguu tunateremka. Mtoe mama!"

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine, shem? Samaki?"

Nikashuka, maji mapajani, nikafungua mlango wa nyuma. Mama mkwe ana goti bovu, na maji yalikuwa yameshafika kwenye kiti chake. Nilimtazama. Mara ya kwanza kumtazama usoni. Ana makengeza kidogo, kama mke wangu. Nikaganda.

"Mama, shikamoo," nikasema. Sijui kwa nini.

"Marahaba. Geuka."

"Mama, mimi ni mkwe…"

"Nakujua! Geuka, inama!"

Akanirukia mgongoni, mikono shingoni, kanga yenye maji ikinifunika macho. Moyo ulinidunda kuliko injini. Nilipanda ukingo kwa magoti, nikasikia nyuma yangu kishindo: shemeji kaachia breki, karuka nje kupitia dirishani, na gari limerudi lote mtoni, maji mpaka kwenye viti.

Mimi nilikuwa bado nimeinama, macho nimeyafumba.

"Mkwe," sauti yake ikatoka pembeni, "inuka. Mimi nilishashuka."