Alichoulizwa Mwosha

Kwa miaka ishirini na sita, hakuna mwanamke aliyefariki mtaani kwetu bila kupita mikononi mwake. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake, kazi aliyoachiwa na mama mkwe wake pamoja na birika la bati, mkasi wa kukatia sanda na ubao mrefu uliosimamishwa nyuma ya mlango. Watoto walimwita Bi Birika. Wakubwa walimwita mwosha tu, na walipomwona akivuka njia huku birika limefunikwa kitambaa, waliulizana kwa sauti ya chini ni nani aliyetangulia.

Mwosha hupendwa siku anapohitajika na kukwepwa siku zilizobaki. Walikuwapo wanawake waliompa mkono harusini kisha wakaenda kunawa. Aliwaona, akawatania: "Naweni vizuri, mpaka kwenye kucha. Nitakuja kukagua."

Shoga wa kweli alikuwa na mmoja, mshonaji wa nyumba ya ng'ambo ya njia, mwanamke mfupi, mnene, aliyeweza kusengenya huku ameuma pini tatu. Kila alasiri mwosha alivuka, akaketi kando ya cherehani yake.

"Shoga," mshonaji alimwambia siku moja, "siku yangu ikifika usinisugue kama sufuria iliyoungua. Nitaamka nikusute."

"Ukiamka nitakuongezea sabuni," mwosha akajibu.

Kazi hiyo ina kanuni mbili. Ya kwanza ni ya mikono: inahitaji watu wawili, mmoja akimimina maji na mwingine akiosha chini ya shuka, ili maiti igeuzwe kwa heshima. Ya pili ni ya mdomo: alichokiona mwosha hakitoki chumbani. Kovu, uvimbe, mimba isiyojulikana, uso uliotulia au uliokunjamana, vyote hubaki humo. "Ukivuka kizingiti, hukuona kitu," mama mkwe alimfundisha. Na mumewe, seremala, alikufa bila kusimuliwa hata neno moja.

Ndipo mtaa ukapasuka. Ulijengwa msikiti mpya, akaja mhubiri kijana mwenye sauti nzuri na hukumu za haraka. Alitangaza kwamba anayekipigia kura chama tawala ametoka katika dini, na anayemwonea huruma mtu huyo ametoka naye. Watu waliosimama safu moja kwa miaka thelathini, bega kwa bega, wakaanza kukataa salamu za wenzao. Nao wenye chama, badala ya kujibu hoja kwa hoja, wakaandika orodha. Kila kijana aliyeswali msikiti mpya aliandikwa. Wengine walichukuliwa, wakarudi baada ya siku kadhaa wakiwa hawasimulii kitu. Dini ikageuzwa rungu, na serikali ikageuzwa rungu la kujibu rungu. Waliopigwa ni walewale wakazi wa vyumba viwili viwili, wanaoazimana kiberiti.

Aliyeandika orodha hiyo mtaani alikuwa katibu wa tawi, mume wa mshonaji. Na miongoni mwa walioandikwa alikuwamo fundi simu, mtoto wa pekee wa mwosha.

Alishikiliwa siku tisa. Alirudi na kidole cha shahada kisichokunjika, na fundi simu asiye na kidole hicho ni sawa na mshonaji asiye na jicho. Tangu hapo hakumsikiliza mtu ila mhubiri. Alikaa na mkewe na binti yao wa miaka mitano katika vyumba vya nyuma vya nyumba ya mama yake. Aliiondoa redio sebuleni. Alimkataza mama yake kuvuka njia kwenda kwa mshonaji. Mwosha, ambaye hakuwa na mwingine duniani ila yeye na mjukuu, akaacha kuvuka. Mashoga wawili wakabaki kupungiana mikono, mmoja dirishani, mwingine mlangoni, kama watu waliotenganishwa na mto.

Miezi minne ilipita hivyo. Kisha, usiku mmoja, vijana wakairushia mawe nyumba ya katibu, wakavunja kioo cha chumba cha cherehani. Siku mbili baadaye, Jumanne asubuhi, mshonaji akafariki zahanati. Daktari aliandika kwamba ni shinikizo la damu, ugonjwa aliokuwa nao kwa miaka kumi na ambao mtaa mzima uliujua. Lakini kabla maiti haijafika nyumbani, wenye chama walikuwa wamekwisha kusema kwamba ameuawa kwa jiwe, na wenye msikiti walikuwa wamekwisha kusema kwamba Mungu amemwadhibu.

Katibu alikuja mwenyewe, akasimama nje ya mlango, macho chini. "Bi mkubwa," alisema, "mwenzako ametutangulia. Sina wa kumwosha."

Mwosha alimtazama mwanawe, aliyekuwa ameketi ndani na bisibisi mkononi. Alitarajia katazo. Fundi simu akaiweka bisibisi chini, akasema, "Nenda, Mama. Nenda ukamwoshe."

Hapo ndipo mwosha alipokosea. Alidhani moyo wa mwanawe umelainika. Alichukua birika lake kwa furaha iliyochanganyika na kilio, akaenda nyumba ya jirani kumwita mke wa muuza mkaa, mmiminaji wake wa miaka mingi. Huyo hakufungua mlango.

"Shoga, nisamehe," alisema kutoka ndani. "Mume wangu kasema nikitia mguu nyumba ile, nisirudi hapa."

"Ni kumimina maji tu, shoga."

"Najua. Nisamehe."

Nyumbani kwa katibu, sebule ilijaa wanawake wa chama waliojifunga vitambaa vya rangi moja vichwani. Walimtazama alivyoingia.

"Huyu si mama yake yule?" mmoja akauliza, bila kujali kusikika.

"Ndiye. Wametuletea mpelelezi mwenye birika."

"Basi mmoja wenu aje animiminie," mwosha akasema. "Ataniona ninavyopeleleza."

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wepesi wa kuimba msibani, lakini kugusa maiti waliogopa. Mwosha akaingia peke yake, akafunga mlango.

Alimwosha shoga yake kwa mikono miwili inayopaswa kuwa minne. Alikunja jamvi na kulisukuma chini ya mgongo wa marehemu ili akae ubavu, kisha akashika birika kwa mkono wa kushoto na kuosha kwa wa kulia. Alipotaka kumgeuza alilazimika kuliweka birika chini, kumkumbatia, kumvuta polepole, kisha kuinama tena kulitafuta birika. Aliosha mara tatu, maji ya mwisho yakiwa na kafuri. Alizichana nywele na kuzisuka mikia mitatu. Kazi ya nusu saa ilimchukua karibu saa mbili, na muda wote huo alisikia redio ya chama ikiunguruma sebuleni. Aliongea na marehemu kidogo. Alichomwambia hakumsimulia mtu.

Alipotoka, mikono imekunjamana kwa maji, kiongozi wa wanawake alimshika kiwiko. "Umeona jeraha? Kichwani, sivyo? Mwandishi wa gazeti yuko nje. Wewe sema tu."

"Nimemaliza," mwosha akajibu. "Leteni jeneza."

"Nimekuuliza umeona nini."

"Na mimi nimesema leteni jeneza. Jua linapanda."

Alirudi kwake. Mwanawe alikuwa amemsubiri mlangoni, akampokea birika, jambo asilolifanya kwa mwaka mzima, akamkalisha na kumletea maji ya kunywa. Mwosha akanywa. Kisha fundi simu akachuchumaa mbele yake na kuuliza kwa upole, "Mama, uso wake ulikuwaje?"

Ndipo alipoelewa kwa nini aliruhusiwa.

"Hilo haliulizwi, mwanangu."

"Uligeuka mweusi? Mhubiri anasema watu wale nyuso zao hugeuka. Sema neno moja tu, mtaa mzima utazinduka. Watu watarudi kwa Mola wao kwa sababu yako."

"Dini haijakosa ushahidi mpaka itafute kwenye ubao wangu."

"Uso wake ulikuwaje, Mama?"

"Bibi yako aliosha miaka arobaini, hakusema. Mimi hata baba yako sikumwambia kitu. Wewe ni nani?"

Akamwonyesha kile kidole. "Mimi ni huyu. Mumewe ndiye aliyeniandika." Akakisogeza mbele ya macho ya mama yake. "Unamsitiri mke wa aliyenifanya hivi."

Mwosha alikichukua kidole hicho, akakishika katikati ya viganja vyake. Haki ya mwanawe ilikuwa haki kweli, na hakuna baraza wala mahakama iliyojishughulisha nayo. Ndiyo sababu mhubiri aliweza kuiokota na kuitia mfukoni mwake.

"Nitakwenda nawe kushtaki," alisema. "Popote. Nitasimama niseme nilivyokupokea siku ile. Hilo nililiona mchana, si kwenye ubao."

"Nani atatusikiliza? Sema la uso, Mama. Ukikataa, nawachukua mke wangu na mtoto, tunahamia kule karibu na msikiti. Utabaki peke yako na birika lako."

Alimpa mpaka Ijumaa. Siku hizo mbili zilizobaki, mwosha alilala na mjukuu wake kitanda kimoja, akimsuka na kumfumua nywele bila sababu. Mtoto akalalamika kwamba kichwa kinamuuma.

Ijumaa adhuhuri alikuwa uani akifua. Vipaza sauti vya msikiti vilifika mpaka kwenye beseni lake. Mhubiri alieleza mwisho mbaya wa wanaowafuata madhalimu, kisha akasema: "Na msidhani ni hadithi. Mwosha mwenyewe, mama wa ndugu yetu aliye humu, ameushuhudia uso wa mwanamke yule umekuwa kama lami."

Mwosha alisimama, povu likimchuruzika viwikoni. Angeweza kunyamaza. Mwanawe angebaki, mjukuu angebaki, na wanawake wa msikiti wangeanza kumtembelea. Kinywa chake kisingekuwa kimesema uongo, kingekuwa kimeuacha tu. Wengi wetu tumeishi miaka yote hii kwa kunyamaza kwa aina hiyo na kukuita busara.

Akajitanda, akatoka. Alifika wakati wanaume wanavaa viatu. Alisimama chini ya ngazi, mahali ambapo kila atokaye angemwona.

"Mimi ndiye mwosha," alisema. "Sikumwambia mtu neno lolote juu ya maiti ile. Aliyesema nimesema, amenisingizia."

Mhubiri alitoka hadi kizingitini. "Mama, basi tuambie uliona nini."

"Hilo pia silisemi."

"Katibu amekununua, bibi," mtu mmoja akapaza sauti.

"Angeninunua, ungenikuta na meno mapya." Kijana mmoja akacheka, akatazamwa, akakoma. Mwosha akaendelea: "Na mama zenu nimewaosha. Wewe, wa kwako. Na wewe. Mnataka nianze kusimulia nilichokiona kwa yupi?"

Wanaume wale wakainamisha vichwa, wakatafuta viatu vyao. Fundi simu alikuwa kati yao. Alipita karibu naye kiasi cha kumgusa, hakumgusa.

Jioni ile ile gari la chama lenye vipaza sauti lilisimama mbele ya nyumba yake. Kiongozi wa wanawake alitangaza kwamba mwosha shujaa amewaumbua waongo, na kwamba kesho atapanda jukwaani aeleze majeraha. Mwosha alitoka na kusema, "Sina jukwaa na sina majeraha. Nendeni." Gari halikuwa limefika mwisho wa njia alipoitwa mama wa magaidi.

Fundi simu alihama Jumamosi asubuhi kwa mkokoteni. Alifunga magodoro, jiko, na sanduku la vifaa vyake.

"Umeniaibisha mbele ya watu," alisema akikaza kamba, kidole kile kikiwa kimesimama peke yake.

"Nimekukatalia uongo, baba. Mlango hauna kufuli kwako."

Fundi simu akafunga fundo la mwisho. Mkewe alilia bila kutoa sauti. Mtoto, aliyekwisha kuketishwa juu ya godoro, aliuliza, "Bibi haji?"

"Bibi ana kazi," baba yake akasema, na mkokoteni ukaondoka.

Kazi hakuwa nayo. Wenye msikiti walijitafutia mwosha wao, wenye chama wakajitafutia wao. Maiti zikapata chama, kama maduka na mabomba yalivyokwisha kupata. Bi Birika alipika kwa sufuria ndogo, akala amesimama. Alasiri aliketi mlangoni akitazama dirisha la ng'ambo ambalo katibu alikuwa amelipigilia mbao.

Baada ya mwezi, alifariki mama mzazi wa mke wa muuza mkaa, katika nyumba ile ya jirani waliyogawana nayo ukuta wa ua. Mwosha aliviandaa vifaa vyake, akavaa, akasubiri. Hakuitwa. Alisikia wageni wakiingia, kisha ubao ukiburutwa, kisha sauti ya msichana wa msikitini aliyejifunza kazi hiyo kwa kijitabu.

"Naanza upande gani?" msichana akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena, sauti ikitetemeka.

Mwosha akasogea, akaegemeza kiganja ukutani. "Kulia," alisema. "Anza kulia. Na usiogope kumshika."

Upande wa pili maji yakaanza kumiminika, polepole, kama inavyopasa. Aliyasikiliza mpaka mwisho, amesimama. Hakuna aliyebisha hodi kumshukuru, wala kumkanya. Jua lilipofika uani alianua nguo zake zilizokwisha kukauka, zote za mtu mmoja, akazikunja.